Kengele Ambayo Fundi Hakuisikia

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Fundi alisimama mbele ya kioo cha sebuleni akachokonoa masikio. Hakutumia kidole. Alikuwa na waya wake maalumu, mwembamba, umepindwa ncha na kuzungushiwa pamba kidogo. Aliuingiza sikio la kulia, akafumba jicho moja kwa raha, akauzungusha. Kisha akahamia sikio la kushoto.

"Baba, siku moja huo waya utatokea upande wa pili," alisema binti yake. Binti huyo alikuwa na miaka tisa. Kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, jengo zima lilimwita Kidoti.

"Fundi hutunza vifaa vyake," baba yake alijibu. "Na kifaa changu cha kwanza ni hili sikio."

Hakuwa anatania. Fundi alitengeneza vyerehani katika karakana moja kubwa ya jiji. Wenzake walipoletewa cherehani kibovu, walikifungua chote ndipo waone ubovu. Yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Sindano inagusa bamba." Wakifungua, wanakuta hivyo hivyo. Ndiyo maana kazini hawakumwita Fundi, kwa sababu mafundi walikuwa wengi. Walimwita Sikio.

Ustadi huo alifundishwa na fundi mkuu wa zamani, ambaye sasa amestaafu. Pamoja na ustadi, mzee yule aliacha desturi. Waya wa kuchokonolea masikio ulining'inia kwenye msumari juu ya meza ya kazi. Kila fundi mpya aliambiwa asafishe masikio kila siku, kama anavyosafisha bisibisi. Fundi wetu akajitengenezea wa kwake wa nyumbani, asije akakosa hata Jumapili. Hakuna aliyewahi kuuliza kama desturi hiyo ina faida. Mambo mengi mabaya huishi miaka mingi kwa namna hiyo.

Asubuhi hiyo mke wake alikuwa jikoni, anaosha vikombe.

"Baba Kidoti, ukirudi nipitie sabuni ya kufulia," alisema.

Mke huyu alifanya kazi maktaba, na kwa miaka kumi alikuwa amewaambia watu wanong'one. Sauti yake ilikuwa ya chini, nzuri, ya taratibu. Fundi hakujibu. Alichukua mkoba wake, akavaa viatu, akashuka ngazi.

"Umemsikia?" Mama Kidoti alimuuliza mtoto. "Naongea na ukuta. Ukuta angalau haunifungii mlango."

Kidoti aliwapenda wote wawili. Siku hizi chai ya nyumbani kwao ilinyweka kimya kimya.

*

Kutoka nyumbani hadi karakana ilikuwa safari ya saa moja na robo kwa treni ya jiji. Mabehewa yalikuwa ya zamani. Madirisha hayakufunga vizuri, na kwenye kona magurudumu yalipiga kelele za kukwaruza mpaka meno yakauma. Abiria walizoea. Mtu wa jijini huzoea hata asichopaswa kuzoea.

Fundi alikuwa na dawa yake. Alichomeka visikizio, vile vipira viwili vya simu vya kuweka masikioni, akafungulia matangazo ya mpira. Magurudumu yakipiga kelele, naye anaongeza sauti. Yakizidi, anazidisha. Mwisho sauti ilifika juu kabisa. Abiria aliyekaa jirani aliweza kufuata mechi nzima bila kutaka.

Jioni alirudi hivyo hivyo. Saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi, siku sita kwa wiki, mwaka wa nne sasa.

Kwa miezi kadhaa, kila akitoa visikizio alisikia mlio mwembamba ndani ya kichwa. *Nyiiii.* Mlio haukutoka popote na haukwenda popote. Fundi aliamua kwamba huo ni uchafu. Kwa hiyo akazidi kuchokonoa.

Siku ile, Mama Karakana alimsubiri mezani. Huyo ndiye mwenye karakana, mama mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye hakuwahi kumfokea mtu bure.

"Sikio, cherehani cha mteja wa mashuka kimerudi," alisema. "Ulikipitisha wewe. Ulisema kizima."

"Kilikuwa kizima, Mama."

"Kiwashe."

Fundi akakiwasha. Akainamisha kichwa kama kawaida yake. Alisikia mota ikinguruma. Hakusikia kingine.

"Mbona kinagonga?" alisema fundi wa meza ya pili. "*Ti-ti-ti*, *ti-ti-ti*. Hata mimi nakisikia kutoka hapa!"

Fundi akakishika cherehani kwa mikono miwili. Aliinama zaidi, mpaka shavu likagusa chuma. Mota tu.

"Ah, ndiyo," alidanganya. "Kweli. Kinagonga kidogo."

Mama Karakana alimvuta pembeni. "Kilianza cha mshonaji wa mapazia, leo hiki. Watu wanaleta mashine hapa kwa sababu ya sikio lako. Kikirudi cha tatu, itabidi nikuhamishie stoo, ukapange maboksi. Sipendi, baba. Lakini jina la karakana ni letu sote."

Siku hiyo Fundi alichokonoa masikio mara tatu. Katika treni ya jioni alifungulia mpira kwa nguvu kuliko siku zote, asahau maneno ya Mama Karakana. Maskini, alikuwa anazima moto kwa mafuta ya taa.

*

Jumapili familia ilikwenda bustani kubwa ya jiji, kama ilivyo kawaida yao. Huko kulikuwa na bwawa, watu wa drafti, watu wa mpira, na wale wasio na lolote ila kunyoosha miguu. Kidoti alikuwa na baiskeli ambayo baba yake aliiunganisha kwa vipuri vya hapa na pale. Kengele yake ndiyo ilikuwa mpya. Iling'aa, na mlio wake ulikuwa mwembamba na mkali. *Kring! Kring!* Mtoto aliipenda kuliko baiskeli yenyewe.

Mama Kidoti alikaa kwenye benchi. Fundi alitembea katikati ya njia, mikono nyuma, akiwaza stoo na maboksi.

Kidoti akaja nyuma yake, mbio. *Kring! Kring! Kring!* Watu wote wakapisha. Bibi mmoja na mjukuu wake wakaingia kwenye nyasi. Fundi hakupisha. Kidoti akaamua kupita kushoto, na Fundi, bila kujua, akapiga hatua kwenda kushoto.

Mtoto akakata usukani. Tairi likagonga ukingo wa saruji. Baiskeli ikaenda upande wake, Kidoti upande wake.

Fundi aligeuka pale watu walipoanza kukimbia. Alimwona binti yake chini, goti likitoka damu, ameshika kiganja.

"Nimepiga kengele, Baba!" Kidoti alilia. "Nimepiga sana! Kwa nini hukunipisha?"

Mama Kidoti akafika, amepoteza kandambili moja njiani. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya maktaba.

"Mimi nimezoea kupuuzwa! Lakini mtoto, Baba Kidoti? Mtoto wako mwenyewe?"

"Sikuisikia."

"Kengele ile? Watu wa ng'ambo ya bwawa wamegeuka!"

"Mama Kidoti, sikuisikia." Fundi alipiga magoti kando ya mtoto. "Haki ya Mungu, sikuisikia kabisa. Kuna mambo mengi siyasikii siku hizi."

Mke wake akachutama pia. Alimtazama usoni, na hasira ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Akakumbuka sabuni. Akakumbuka maswali yote aliyouliza akiwa jikoni, na jinsi alivyolala amempa mumewe mgongo.

"Tangu lini?"

"Miezi mingi."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ningeanzaje?" alisema Fundi. "Kazini wananiita Sikio."

*

Ghorofa ya chini ya jengo lao aliishi muuguzi mmoja, dada mchangamfu asiyejua kuzungusha maneno. Alikuwa anaanua nguo walipofika na mtoto. Aliwaingiza ndani, akaosha goti, akakikagua kiganja, akamwambia Kidoti achezeshe vidole kimoja kimoja.

"Hakijavunjika, kimeteguka tu," alisema huku akikifunga bandeji. "Lakini kesho uvimbe ukizidi, apigwe picha. Haya, kulikoni?"

Mama Kidoti akamweleza. Muuguzi alisimama nyuma ya Fundi, hatua tatu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kaka, viatu vyako vizuri."

Fundi aliendelea kumtazama mwanawe.

Muuguzi akarudi mbele yake. "Kaka, masikio unayatunzaje?"

"Nayatunza sana!" Fundi akatoa waya mfukoni. Ulikuwa umefungwa ndani ya kitambaa safi, kama kito.

"Mungu wangu," alisema muuguzi. "Hiki ni cha kutengenezea redio au cha kutia sikioni?"

Kidoti akacheka katikati ya machozi. Fundi akaona haya.

"Sikiliza, kaka. Ile nta ya sikio si uchafu. Ni mlinzi. Inanasa vumbi na wadudu, kisha inatoka yenyewe taratibu. Wewe unaponawa uso, futa sikio kwa nje na kitambaa, basi. Ukiingiza waya, njiti ya kiberiti, kalamu, ufunguo, hata pamba ya kijiti, unaisukuma nta ndani. Inashindiliwa kama kizibo kwenye chupa. Na ukiteleza, unatoboa ngoma ya sikio."

"Lakini pamba hutoka na uchafu. Nauona."

"Unatoa punje, unashindilia donge."

Fundi alimweleza pia juu ya ule mlio wa *nyiiii*. Muuguzi akaacha utani.

"Unausikia wakati gani?"

"Nikitoka kwenye treni. Nikitoa visikizio."

"Sauti unaweka kiasi gani?"

Kidoti alimjibia. "Yote."

Muuguzi akavuta kiti, akakaa mbele ya Fundi ili amwone mdomo.

"Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, huvioni kwa macho. Ndivyo vinavyopokea sauti. Makelele yakipita kila siku, vinalala kama nyasi zilizokanyagwa. Ukivipumzisha mapema, vinainuka. Ukiendelea kuvikanyaga, vinakufa. Vya sauti nyembamba ndivyo hutangulia kufa: kengele, ndege, vitu vidogo vinavyogongana. Huo mlio ni sikio linalolalamika."

*Ti-ti-ti*, aliwaza Fundi. *Kring, kring.*

"Na vikifa, vinaota tena?"

"Havioti, kaka. Nisikudanganye."

Mama Kidoti akaweka mkono kwenye bega la mumewe.

"Sasa usianze kujimwagia mafuta wala dawa za kuambiwa na watu," Muuguzi aliendelea. "Hatujui ngoma ikoje. Kesho uje hospitali, kliniki ya masikio. Waangalie kwanza."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Fundi kwa unyonge.

"Hiyo ni ya watu wakaidi. Wewe ni mkaidi?"

"Alikuwa," alisema Mama Kidoti. "Kesho nitampeleka mwenyewe."

*

Daktari wa kliniki alimmulika kila sikio kwa kijitochi. Ngoma zote mbili zilikuwa nzima, kwa bahati tu. Lakini sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta iliyokauka. Alipewa dawa ya matone ya kuilainisha kwa siku tano. Aliporudi, walisafisha sikio kwa maji ya vuguvugu. Donge likatoka, jeusi, kubwa kama punje ya haragwe. Fundi alilitazama kwenye bakuli asiamini kwamba alikuwa akiishi nalo.

Kisha akasikia viatu vya mtu vikipita ukumbini. Akasikia karatasi ikifunuliwa. Akageuka kwa mke wake akacheka kwa sauti.

"Nimepona!"

"Bado tupime," alisema mpimaji.

Wakamwingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, kuta zimefunikwa kwa sponji. Wakamvisha visikizio vikubwa. Kila akisikia mlio, abonyeze kitufe. Ilianza milio minene, naye akabonyeza, akabonyeza, akatabasamu. Milio ikawa myembamba. Akabonyeza mara chache. Kisha milio ikakoma. Fundi akasubiri. Akadhani kazi imeisha. Alipoinua macho, akamwona mpimaji nyuma ya kioo, bado anabonyeza vitufe vyake, kimoja baada ya kingine, huku akimtazama.

Hapo Fundi akaelewa. Akainama, akalia. Hakuona aibu.

*

Jumatatu iliyofuata alimweleza Mama Karakana kila kitu. Alisimama wima kama anayesubiri hukumu.

"Sauti nene nazisikia, Mama. Nyembamba zimekwenda. Hazirudi. Na vile vyerehani viwili, sikuvisikia. Nilidanganya. Ukinipeleka stoo, nitakwenda."

Mama Karakana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ungeniambia mapema, tusingepoteza wateja wawili," alisema. "Kabla hujashika hayo maboksi, niambie. Sindano ikigusa bamba, hakuna njia nyingine ya kujua?"

Fundi alifikiri. Akaenda kwenye cherehani kilichokuwa karibu. Badala ya kuwasha mota, akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Akaweka ncha za vidole juu ya bamba, akafumba macho. Akazungusha tena. Kitu kidogo mno kikamgusa kidoleni, kama mdudu anapiga hodi.

"Hiki hapa kinagusa," alisema. "Upande wa nyuma."

Wakakifungua. Ilikuwa kweli. Inachukua muda zaidi kuliko sikio, lakini hakuna kilichorudi tangu siku ile. Fundi bado yuko kwenye meza yake. Jina la Sikio limebaki, kwa sababu wenzake hawana adabu, na mwenyewe amekubali kucheka nao.

Jambo moja aliliomba. Alitaka ule waya wa msumarini utolewe. Fundi wa meza ya pili alisita kidogo, kwa heshima ya mzee aliyestaafu. Kisha akautoa mwenyewe, akautumia kuzibua kopo la mafuta ya mashine. Kazi hiyo inaufaa sana. Kwenye ule msumari sasa vimetundikwa vizibo vya masikio vya sponji, kwa yeyote anayeshinda karibu na mashine za kelele. Mama Karakana aliweka na kanuni yake, aliyoipata kwa Muuguzi: ukiona inakubidi upaze sauti ili mtu wa umbali wa mkono mmoja akusikie, hapo kelele zimezidi, vaa.

Ndani ya treni Fundi huvaa vizibo hivyo hivyo. Mpira anausikiliza nyumbani, sauti ikiwa nusu, na baada ya saa moja anapumzika. Siku moja alipovivua kidogo, alijua kwamba abiria wa jirani ni fundi viatu, na ni mbishi wa mpira kuliko redio. Mlio wa *nyiiii* umepungua. Haujaisha.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mama Kidoti haongei tena kutoka jikoni. Humfuata mumewe, humgusa bega, akasimama mbele yake, kisha akasema. Fundi asiposikia, hajifanyi amesikia. Husema, "Rudia, mama." Naye hurudia. Mwanzoni walichoka wote wawili. Sasa chai inanyweka kwa maneno.

Ikabaki kengele.

Kiganja cha Kidoti kilipona, lakini baiskeli ilikaa barazani wiki tatu. Alikataa kuipanda. Alisema hana hamu. Fundi alijua sababu. Jioni moja aliichukua akaifungua ile kengele inayong'aa, akaiweka kwenye droo. Mahali pake akafunga honi kuukuu ya mpira, nene kama ngumi ya mtu mzima. Ukiibinya, inatoa sauti kama ya bata mwenye mafua.

"*Pwaaa!*"

"Baba!" Kidoti alishika kichwa. "Watanicheka!"

"Wacha wacheke. Mimi nitasikia."

Mtoto alimtazama baba yake. Akaibinya tena honi, kwa nguvu, halafu akaenda kuvaa viatu.

Jumapili hiyo bustani ilijaa. Fundi alitembea katikati ya njia, mikono nyuma. Mama Kidoti alisogea hadi ukingoni mwa benchi. Mbali nyuma ya watu, Kidoti alikuja, ameuma mdomo, ameshika usukani kwa mikono miwili.

"*Pwaaa! Pwaaa!*"

Watu wa drafti wakaangua kicheko. Fundi hakugeuka kutazama. Alisogea pembeni, akampisha mwanawe.